Kufuli la Chumba cha Karanga

Mama Firdausi anasema gari aliliona kwa macho yake mawili. Jeupe, lina maandishi ubavuni, ila hakuyasoma kwa sababu miwani alikuwa ameiacha ndani. Anasema walishuka watu watatu, mmoja amevaa koti jeupe kama la daktari. Wakaenda moja kwa moja kwenye chumba chetu cha karanga. Wakanusa. Wakatikisa vichwa. Wakafunga mlango kwa kufuli la serikali. Halafu yule wa koti akasema, na Mama Firdausi anasema alimsikia vizuri maana alikuwa anaanika nguo: "Hizi karanga ndizo zilizomwondoa yule mama."

Mnakumbuka tulipoachana wiki iliyopita. Nilikuwa nimesimama mbele ya kufuli hilo, begi la safari bado liko begani. Nilikuwa natoka Kibondo. Bi Mwajabu, mwenye duka kubwa pale karibu na soko, alionja siagi yetu ya karanga, akalamba kijiko, akasema rafu ya kuuzia dukani mwake ninayo. Sharti moja tu: Jumamosi nimpelekee karatasi inayoonyesha kwamba chumba changu kimekaguliwa na kusajiliwa. Nikikosa, rafu inakwenda kwa mwanamke mmoja wa Nyakanazi.

Sasa ni Jumanne jioni, niko Kasulu, na chumba kimefungwa.

"Mama alikufa kwa presha," nikamwambia Mama Firdausi.

"Mimi sijasema, mwanangu. Amesema yule wa koti."

"Ulimsikia ukiwa wapi?"

"Kwenye kamba ya nguo. Si nimekwambia."

Kamba ya nguo ya Mama Firdausi iko upande wa pili wa nyumba yake, nyuma ya banda la mbuzi. Sikumwambia. Nikamshukuru, nikaingia ndani, nikakaa kwenye kigoda.

Hasira haikuja. Machozi nayo hayakuja. Tangu tumzike Mama, mwili wangu wote umekuwa kama mkono uliolaliwa: unauona, unajua ni wako, ila ukiufinya hausemi kitu.

Jumatano asubuhi nikaenda kwa Ildefonsi.

Ildefonsi ana steshenari karibu na stendi. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anajazia watu fomu za mtandaoni. Mimi niliishia la saba, na Mama hakufika hata hapo. Kwa hiyo kila kitu alitushika mkono yeye: namba ya mlipa kodi, leseni, vyeti vya kupima afya, mpaka ramani ya chumba aliichora mwenyewe kwa rula. Mama alikuwa akimpelekea chupa ya siagi, naye anaila kwa kijiko bila mkate, mbele ya wateja.

"Wamekufungia?" akasema. Habari ilikuwa imeshamfikia. "Nani kakwambia?"

"Jirani."

"Jirani ana cheo gani?"

Akafungua kompyuta. Akaandika namba ya ombi letu, ile ndefu ambayo yeye anaijua kwa kichwa. Nikamwangalia uso. Mimi sisomi haraka, ila nyuso nasoma.

Uso wake ulianza kawaida. Ukakunjamana. Kisha ukatulia, na huo utulivu ndio sikuupenda.

"Hawajafunga," akasema.

"Kufuli nimeliona."

"Sikiliza. Mkaguzi kaandika hivi: 'Nimefika, nimekuta chumba kimefungwa kwa kufuli. Mwombaji hapatikani kwa simu. Nitarudi Alhamisi saa nne asubuhi.' Basi. Hakuna sumu, hakuna karanga zilizomwondoa mtu. Na hapa ni jina moja tu, hao watatu wa jirani yako wametoka wapi?"

"Alikuta kimeshafungwa."

"Alikuta kimeshafungwa."

Tukatazamana. Nje kondakta alikuwa anaita abiria wa Kigoma.

"Alhamisi ni kesho," nikasema.

"Ni kesho. Na akikosa mara ya pili, ombi linafutwa. Tunaanza upya, dada Kezia. Mara ya kwanza tulisubiri tangu mahindi yapandwe mpaka yakavunwa, unakumbuka." Akageuza kiti. "Ila hilo ndilo dogo. Kubwa ni hili. Mwombaji ni nani?"

"Mama."

"Mama yuko wapi?"

Alijua mwenyewe. Alibeba jeneza upande wa kushoto.

"Marehemu hakaguliwi," akasema taratibu. "Sasa zipo njia mbili. Njia ya kwanza, kesho akifika, wewe ndiye mama yako, Mpawenimana."

"Mpawenimana ana miaka hamsini na mbili."

"Mwambie karanga zinalainisha ngozi."

Alinisubiri nicheke. Nilijua panapotakiwa kicheko, nikakitafuta, sikukikuta.

"Njia ya pili?"

"Njia ya pili ni ya watu waaminifu, kwa hiyo inachosha. Barua ya mtendaji wa mtaa kwamba wewe ni mtoto wake na ndiye unayeendesha. Kitambulisho chako. Nabadilisha jina leo leo."

Nikachukua njia ya pili. Si kwa uaminifu. Sikuwa na nguvu ya kuwa mtu mwingine hata kwa nusu saa.

Mtendaji wetu ni mgeni, ametoka Singida mwaka jana. Akaweka vitambulisho viwili mezani, cha Mama na changu, akavitazama kama anayelinganisha viatu.

"Huyu ni Mpawenimana. Wewe ni Kezia Ininahazwe. Baba yako?"

"Marehemu Nduwayezu."

"Sasa hapa mtoto ni nani na mzazi ni nani? Hamna hata jina moja mnalochangia."

"Kwetu kila mtoto anapewa jina lake, mheshimiwa. Bibi yangu aliingia kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, na yeye alikuwa na lake."

"Na mtu akipotea mnamtafutaje?"

"Tunamwita."

Akavua miwani. Nikadhani nimemkosea. Akauliza polepole, "Huyu ndiye yule mama wa siagi? Aliyekuwa anapita hapa na ndoo ya bluu?"

"Ndiye."

"Mimi sikujua kama anaitwa Mpawenimana. Hapa ofisini wote tulimwita Mama Kezia." Akavaa miwani tena. Akaandika barua, akapiga muhuri, akapuliza wino. "Kwenye karatasi hamjuani. Mtaani hakuna asiyewajua. Poleni na msiba."

Saa tisa alasiri Ildefonsi akabonyeza, jina likabadilika. Kezia Ininahazwe. Akanionyesha kwenye kioo kwa kidole.

"Kwa nini mkaguzi hakunipata kwa simu?" nikamuuliza.

"Namba iliyoandikwa ni ya mama. Nimeshaweka yako. Kwani simu ya mama iko wapi?"

Iko kwenye sanduku, chini ya vitenge vyake. Niliizima mwenyewe. Siku ya mazishi ililia tukiwa kaburini, mchungaji akanyamaza, watu wote wakaisikiliza mpaka ikaisha. Tangu hapo hakuna aliyeigusa.

Nilipofika nyumbani nikaitoa, nikaiwasha. Ujumbe ukaanza kuingia mmoja mmoja. "Mama Kezia, siagi ipo?" "Mama Kezia, nitunzie mbili." "Mama Kezia mbona kimya." Na katikati, ujumbe wa mkaguzi, wa Ijumaa iliyopita: tutafika Jumanne asubuhi, chumba kiwe wazi. Niliusoma kama tangazo lililobandikwa ukutani. Kisha nikaenda mlangoni.

Kama si serikali, ni nani?

Jumanne nililitazama kufuli kwa mbele tu. Safari hii nikachuchumaa, nikaligeuza. Chini yake, karibu na tundu la ufunguo, palikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

Nikaikwaruza kwa ukucha. Haikutoka.

Kanisani kwetu kila kitu cha ushirika wa akina mama kina nukta nyekundu. Masufuria, vijiko, mikeka, mabenchi. Ni ili vikiazimwa kwenye misiba visipotee. Mimi mwenyewe nimeshawahi kushika kile kichupa cha rangi nikaweka nukta kwenye sahani mia mbili. Na kufuli hili lilikuwa la chumba cha mikeka pale kanisani.

Mwenye funguo za ushirika ni mmoja. Ni Niyomwungere, dada yake marehemu baba. Shangazi yangu. Tangu msiba analala kwetu, kitanda kimoja na mimi, na hakuniambia neno.

Jioni ile nyumba ilijaa akina mama wa maombi. Mzazi hasemwi mbele ya wageni, na shangazi ni mzazi. Nikapika uji, nikagawa vikombe, nikakusanya vikombe. Nilimwangalia tu. Ncha ya kitenge chake ilikuwa imefungwa fundo, na kila alipoinama fundo liligonga kikombe likatoa sauti ya chuma.

Ildefonsi alinipigia. "Umempata mfungaji?"

"Ni la kanisa."

"Tafuta mkasi wa kukatia nondo. Dakika mbili."

"Kufuli la ushirika halivunjwi, kaka Ildefonsi."

"Hata kwa serikali?"

"Hao akina mama ndio wanaonimenyea karanga. Ndio wanaonunua. Nikivunja, karatasi nitapata, nimpe nani siagi?"

Akafikiri. "Basi omba."

Alhamisi saa tatu asubuhi, Shangazi alikuwa amekaa uani, ungo mapajani, anachambua maharage ya Jumapili. Jumapili ndiyo guca ku mazi, siku tunayoondoa matanga. Kabla ya siku hiyo hatushiki jembe, hatuendi shambani, hatufanyi kazi ya mikono isipokuwa ya kuwalisha waliokuja kulia.

Nikapiga goti. "Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala. Shangazi, kufuli la mlangoni ni lako."

Hakushtuka. "Ego. Ni langu."

"Jirani anasema ni la serikali."

"Huyo jirani akiona kuku amekohoa anasema ni serikali." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Nililifunga Jumatatu, ulipoondoka. Ungelikuwepo ningelifunga ukiona."

"Kwa nini?"

"Jumamosi ilikuwa siku ya ngapi tangu tumzike?"

"Ya nane."

"Siku ya nane mashine yako ilisikika mpaka barabarani. Watu wanakuja na mikeka yao kukaa na wewe, wanakuta unasaga. Na ile mikeka iliyokuwa mle chumba cha karanga, akina mama walikuwa wamelalia, nani aliitoa?"

"Mimi."

"Uliitoa ukaiweka wapi?"

"Kwenye banda la kuni."

"Kwenye banda la kuni," akarudia. "Mikeka ya watu waliokuja kukulilia mama yako."

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, taratibu, kama Ildefonsi alivyonieleza. Kwamba chumba cha chakula ni cha chakula tu. Kwamba mkaguzi akikuta mkeka, nguo, au mtu amelala, anaandika kwamba ni chumba cha kulala na hapo hapo tumeshindwa. Kwamba sikuwa nawafukuza wageni, ila tarehe ya kukaguliwa ingeweza kuja siku yoyote. Kwamba Bi Mwajabu wa Kibondo ametaka karatasi Jumamosi.

"Mwambie Mwajabu una msiba."

"Anajua. Alinipa pole. Rafu haina msiba, Shangazi."

Kidogo atabasamu. Akajizuia.

"Na huyo mkaguzi wako, nani alimwita kwenye matanga?"

"Mama ndiye aliyemwita. Aliomba kabla hajaugua."

Akachambua. Nikaendelea, maana uso wake ulikuwa umefunguka kidogo.

"Kuna msumari ukutani mle ndani. Umeuona?"

"Nimeuona. Hauna kitu."

"Mama aliupigilia siku tuliyojaza fomu. Akasema karatasi ikija ikute pa kukaa. Leo saa nne mkaguzi anarudi. Akikuta kufuli, ombi linafutwa. Na Mama Firdausi ameshasema kwamba karanga ndizo zilizomuua Mama. Mlango ukibaki umefungwa leo, mtaa mzima utasema serikali ilikataa hata kuingia. Sitauza tena. Na yeye atabaki amekufa kwa sumu, wakati alikufa kwa presha."

Mikono ya Shangazi ilisimama juu ya ungo.

Nilidhani nimeshinda. Akainua macho, akanitazama kwa muda mrefu, kwanza jicho moja, halafu la pili, kama anayetafuta kitu kilichoangukia ndani.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu. "Unajua kwa nini nimefunga kweli?"

"Kwa sababu ya kusaga."

"Kusaga ni kusaga. Ningekukemea, yangekwisha. Nimefunga kwa sababu hujalia. Kaburini hukulia. Tuliporudi tukanawa mikono, hukulia. Akina mama wamekuimbia mpaka sauti zimekauka, wewe unahesabu vikombe. Nimelala na wewe kitanda kimoja, nakusikiliza. Unapumua kama mtu anayesubiri basi."

Ilikuwa kweli.

"Nikaona huyu akiwa na mashine atasaga mpaka Jumapili, matanga yaondoke, watu waende kwao, naye hajampoteza mama. Nikasema ngoja nimwondolee mashine, pengine akibaki na mikono mitupu atakumbuka."

"Nakumbuka, Shangazi. Nakumbuka kila kitu."

"Kukumbuka kwa kichwa."

"Nikilia utafungua?"

Swali hilo lilitoka lenyewe. Sikuwa na ujeuri, nilikuwa nauliza kama ninavyomuuliza Ildefonsi fomu inataka picha ngapi. Lakini niliona limemchoma.

"Siuzi ufunguo kwa machozi," akasema.

Nilijaribu hata hivyo. Nikafumba macho, nikamweka Mama mbele yangu na ile ndoo ya bluu. Nikamsikia akisema, karanga ikiwa na doa tupa, usiifikirie. Nikaona vidole vyake vikitupa. Picha ilikuwa safi kabisa. Haikuwa na uzito wowote.

Nilipofumbua, Mama Firdausi alikuwa ameshatoka kwake na kigoda. Amekiweka kwenye ua, upande unaotazama mlango wa chumba cha karanga. Na miwani alikuwa ameivaa.

"Shikamooni jamani," akasema. "Nimekuja kuota jua."

Hakukuwa na jua. Kasulu ilikuwa imefunikwa na ukungu tangu alfajiri.

Simu yangu ikatetemeka. Ildefonsi: "Amewahi, ameshapita hapa stendi. Gari jeupe. Peke yake. Mlango uwe wazi."

Nikamsogezea Shangazi simu. Hakuisoma. Akaurudisha mkono kwenye ungo, akachukua punje moja ya maharage, akaigeuza, akaiweka, akaichukua tena ile ile.

Nilisikia gari kabla ya kuliona. Likapanda kale kamlima ka kanisa, likabadilisha gia, likateremka. Kuku wakakimbia. Mama Firdausi akanyoosha shingo.

Nikapiga magoti yote mawili safari hii, pale kwenye vumbi la uani.

"Shangazi, naomba ufunguo."

Mkono wake wa kulia uliacha maharage. Ukashuka mpaka kwenye ncha ya kitenge, ukalishika fundo. Ukatulia hapo.

Gari likazima injini. Mlango wake ukafunguka, ukafungwa. Viatu vikatembea kwenye changarawe, vikasimama nje ya uzio wetu.

"Hodi."

Kumkaribisha ni kazi ya mwenye nyumba. Nikimwambia karibu, hatua kumi tu anakutana na kufuli. Nikikaa kimya, ataamini hakuna mtu. Nikamwangalia Shangazi. Midomo yake ilikuwa inakwenda, ila sauti haikutoka, na sikujua kama anaomba au anahesabu siku.

"Hodi hapa," mkaguzi akasema mara ya pili. "Kwa Kezia?"

Kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama, kitu kilisogea kifuani mwangu. Kidogo sana, kama mlango usiokazwa vizuri.

"Shangazi," nikasema. "Naomba."

Mgeni hupiga hodi tatu, kisha huenda zake. Fundo lilikuwa bado kwenye vidole vya Shangazi, halijafunguliwa, na hodi moja tu ilikuwa imebaki.